Nilikwenda Kakuma Kuuliza Habari za Meli

Kwenye fomu ya ofisi niliandika kwamba ninasafiri kwenda kukabidhi kisima kipya kwa wananchi wa Lopur. Hiyo ni kweli na ushahidi upo. Sababu ya pili sikuiandika popote, nayo ndiyo iliyonitoa Lodwar kwa haraka kuliko kisima chochote kilivyowahi kunitoa: nilikuwa natafuta mtu wa kunisaidia kumwambia mke wangu hapana.

Ninyi mlioko nyumbani Bungoma mnanijua kama afisa wa maji, na mnajua kwamba nimekaa Turkana miaka kumi na sita nikitafuta maji chini ya mawe. Huku wananiita Injinia, ingawa cheti changu hakisemi hivyo, na mimi sijawahi kumsahihisha mtu. Mke wangu, Mama Nafula, anauza vitenge na shuka katika soko la Lodwar. Miaka yote hiyo hajawahi kulalamika kuhusu jua, vumbi, wala mboga zinazofika sokoni zimeshanyauka. Halafu mapema mwaka huu wa 2013 binamu yake wa Nairobi akamtumia kijitabu chenye picha, na amani ikatoka nyumbani kwangu.

Kijitabu kilitangaza meli mpya ya kitalii itakayong'oa nanga Mombasa mwezi wa Desemba kwa safari yake ya kwanza kabisa, siku nane kuzunguka visiwa na kurudi. Ndani mna kanisa, saluni, ukumbi wa kulia chakula wenye taa kama za harusi, na bwawa la kuogelea. Hilo la bwawa lilinishinda. Mtu yuko juu ya bahari nzima, halafu anatengenezewa bwawa!

"Baba Nafula," akasema mke wangu, "hiki ndicho kitu kimoja nakuomba."

Nikamwambia tutafikiria. Tulifikiria wiki tano. Kwanza nilisingizia likizo. Serikali za kaunti zilikuwa ndiyo kwanza zimeingia, na ofisini hakuna aliyejua tena kama likizo inasainiwa na mkubwa wa Nairobi au mkubwa wa kaunti. Wenzangu walilalamika sana. Mimi nilimshukuru Mungu. Basi Mama Nafula akafunga duka asubuhi moja, akaenda ofisini mwenyewe, akarudi na saini mbili, moja ya kila upande. Nikataka kusingizia pesa, lakini pesa alikuwa nazo yeye, kwa hiyo njia hiyo ilikuwa imezibwa kabla sijaifikia. Mwisho nikasema meli mpya ni kitu cha kujaribiwa, na mtu mwenye akili hungoja safari ya tatu au ya nne.

"Nani amesema?"

"Wataalamu."

"Wataalamu gani, Baba Nafula? Lodwar hii?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba fundi wetu wa pampu aliwahi kunitajia Mkongo mmoja anayeishi katika kambi ya Kakuma, mtu aliyefanya kazi melini miaka mingi katika ziwa la kwao, Tanganyika. Nikamtaja kama mtu niliyemjua tangu zamani. Nikasema nitapita kwake nikitoka Lopur, na neno lake litakuwa la mwisho.

Mama Nafula akanitazama kidogo. "Sawa. Muulize. Wakala anatushikia nafasi mpaka Jumamosi saa sita mchana. Ukisema ndiyo, tunakwenda wawili. Ukisema hapana, au usiposema kitu, naandikisha jina la Nanjala."

Nanjala ni mdogo wake, mwalimu kule Kitale. Haogopi kitu. Aliwahi kumshika mwizi wa kuku na kumkalia mpaka polisi walipofika, akiendelea kusahihisha madaftari ya wanafunzi.

Sasa niseme jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, si mke, si pasta, si daktari. Mimi naogopa maji. Maji ya kikombe hayana shida, na ya bomba ni marafiki zangu. Naogopa maji yanayokaa pamoja kwa wingi na kumfikia mtu kiunoni. Sijui kuogelea. Siku ile wenzangu chuoni walipolia kwa kupelekwa Turkana, mimi nilifunga sanduku langu nikiimba.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka Lodwar kwa gari la ofisi. Dereva alikuwa Ewoi, Mturkana mrefu asiyependa maneno mengi, ambaye ameniendesha miaka tisa na anajua kila shimo la barabara ile kwa tabia yake. Lami ya kwenda Kakuma ni ya zamani, na yaliyobaki ni vipande vipande. Ewoi aliacha barabara na kuendesha pembeni kwenye mchanga, akarudi, akaiacha tena. Nje kulikuwa na vichuguu virefu, mbuzi waliosimama kwa miguu ya nyuma wakila miiba, na upande wa magharibi mawingu meusi ambayo kwa kazi yangu nilipaswa kuyafurahia.

"Injinia," akasema Ewoi baada ya saa nzima, "hii meli inaenda wapi?"

"Nani amekuambia habari ya meli?"

"Mama Nafula. Alinipatia picha pia. Iko kwa hapa." Akafungua kisanduku cha mbele ya kiti changu. Kijitabu kilikuwa humo, kimekunjwa kwenye ukurasa wa bwawa.

Saa nne tulifika Kakuma mjini, tukapata vyumba katika nyumba ya wageni iliyo karibu na kanisa letu. Mwenye nyumba, mfanyabiashara kutoka Meru, alituletea chai ya maziwa ya ngamia na kuniuliza kama ni kweli nakwenda baharini. Sikumuuliza alikosikia. Ewoi alikuwa anatazama paa.

Ijumaa asubuhi tulikwenda Lopur kwenye kisima. Kilikuwa kizuri, kisima nilichojivunia, chenye pampu ya mkono iliyopakwa rangi ya buluu na sakafu ya saruji iliyokauka bila ufa. Watu walikuwa wamekwisha kufika, kina mama na mitungi yao ya plastiki ya manjano, wazee na vigoda vyao, mbuzi bila mwaliko. Mwenyekiti wa kamati ya maji ni Mama Nakiru, mwanamke mwenye shanga mpaka kidevuni na simu iliyoning'inia katikati ya shanga hizo.

"Ejok, Injinia," akanisalimu.

"Ejok-noi, mama."

Nilikuwa na hotuba ya kurasa mbili. Mama Nakiru aliniacha nisome nusu ukurasa, kisha akachukua kikombe cha bati, akamwambia msichana mmoja apige pampu, na maji ya kwanza kabisa yalipotoka, ya rangi ya chai isiyo na maziwa, akayakinga na kuninyooshea.

Hii ndiyo desturi ya watu wa pale, na sikuwa nimeisahau, nilikuwa natumaini tu wameisahau wao. Aliyeleta maji hunywa kikombe cha kwanza mbele ya watu wote. Kisha huzunguka pampu mara moja kwa miguu yake na kusema maneno machache, ili ionekane kwamba hajaanguka na ulimi bado unafanya kazi. Baada ya hapo ndipo wengine wanakunywa. Zamani waliwahi kuletewa kisima na watu fulani waliosifu maji kwa kipaza sauti huku wakinywa soda, na kijiji kizima kikaumwa tumbo wiki mbili.

"Mama," nikasema, "ya kwanza huwa na tope la mabomba. Tupige kidogo yatoke, halafu nitakunywa."

"Hii ya kwanza ndiyo tunataka wewe kunywa," akasema. "Ile ya mwisho hata mimi naweza."

Watu wakacheka. Nikasema vipimo vyote vimeshafanywa.

"Basi kunywa. Si ni maji yako?"

Nikanywa. Yalikuwa na ladha ya msumari uliotiwa chumvi. Watu walikuwa wananitazama koo, si uso, na mama mmoja aliinama apate kuona vizuri. Nilimeza yote, nikazunguka pampu, nikasema Bwana asifiwe, na kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa watu waliona maneno hayo yanatosha. Wakati huo maji yalikuwa yameshatakata. Mama Nakiru akajaza kikombe kilekile, akanywa polepole, akapangusa midomo.

"Ulikuwa naogopa," akaniambia.

"Hapana, mama. Mimi? Hapana."

"Ulikuwa naogopa. Mimi niliona. Ndiyo nimekunywa. Kama mtu haogopi kazi yake, mimi nasema huyo hajui hiyo kazi."

Nilitia saini karatasi za kukabidhi na kuondoka mapema. Sikupenda jinsi mwanamke yule alivyokuwa anasoma watu.

Saa nane mchana tulikuwa kambini. Fundi alikuwa amenielekeza vizuri: pita kwa wauza simu Wasomali, pita kanisa la Wakongo, ukisikia kwaya umefika. Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, wimbo mmoja kwa lugha tatu, na karibu na kanisa palikuwa na banda safi la kulia chakula, benchi mbili, na bati lililoandikwa kwa rangi nyekundu jina la mwenyewe, Papa Bonane. Ndiye alikuwa mtaalamu wangu. Alikuwa mtu mfupi, mnene, mwenye aproni iliyopigwa pasi, na alitukaribisha kwa kutuwekea sahani kabla hatujasema tunataka nini. Ilikuwa sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, na ndagala wadogo wa kukaanga. Ewoi, ambaye samaki na yeye hawasalimiani, aliomba ya pili.

Nikaingia kwenye hoja kwa njia ya mbali.

"Papa Bonane, nina rafiki yangu. Anataka kupanda meli, safari yake ya kwanza. Yaani safari ya kwanza ya meli. Nikasema nimuulizie mtu anayejua."

"Rafiki yako anaitwa nani?"

Sikuwa nimejiandaa. "Yohana."

"Na Yohana iko wapi?"

"Ana kazi nyingi."

Papa Bonane akavuta kigoda. "Mi nilikuwa ku meli miaka saba, papa. Kutoka Uvira mpaka Kalemie, na kurudia. Meli nilianza nayo siku ya kwanza kabisa, rangi ilikuwa haijakauka. Sasa uliza."

Moyo wangu ulitulia. Hapa palikuwa na shahidi hasa. "Basi wewe unajua hatari zake. Safari ya kwanza injini haijazoea, mabaharia hawajazoea. Si ni kweli kwamba mtu mwenye busara angengoja?"

"Safari ya kwanza?" Akacheka mpaka aproni ikatikisika. "Papa, ile siku kila kitu ilikataa. Honi ilianza kulia, ikakosa kunyamaza mpaka kesho yake. Bomba ya mayi ya baridi inaleta ya moto. Mlango ya jikoni walifunga kinyume, inafungukia ukuta, mi napitisha wali kwa dirisha."

"Unaona!" nikasema, nikamtazama Ewoi apate kukumbuka.

"Lakini watu walikula mara tano! Kwa nini? Sababu patron, mwenye meli, iko ndani. Bibi ya patron iko ndani, mama mukwe ya patron iko ndani. Padri, mukubwa wa bandari, wote bako ndani na suti. Nahodha iko na jasho mikononi, anaendesha polepole kama anabeba mayai. Ile safari ndiyo salama kupita zote, papa. Weye ogopa safari ya mia moja. Ile siku patron iko kwake, analala."

Hii haikuwa hoja niliyoifuata kilomita mia na zaidi. Nikajaribu tena. Nikamuuliza kuhusu mawimbi, uzito, na mitambo, maneno makubwa niliyoyasoma usiku mmoja kabla ya safari. Papa Bonane alisikiliza kwa adabu, kisha akakuna kichwa.

"Ya injini mi sijui. Mi nilikuwa mupishi."

Ewoi akaacha kutafuna.

"Mpishi?" nikasema.

"Mupishi mukubwa. Jiko ilikuwa chini. Miaka saba mi sikuona ziwa, naona sufuria. Sufuria ikitembea kwenda kushoto, najua iko upepo. Ikirudi, najua tunafika."

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Mpishi si baharia, na ushahidi wake haungekubalika popote. Nikaanza kutafuta namna ya kuaga. Ndipo akauliza, huku akikusanya sahani:

"Yohana anajua kuogelea?"

"Hajui."

"Mi pia sijue. Anaogopa mayi?"

Nikasema sidhani, labda kidogo, mambo ya watu wengine huwezi kuyajua.

"Mi niliogopa kila siku," akasema. "Miaka saba. Asubuhi naamuka, naogopa, nakatakata kitunguu. Mwambie Yohana kitunguu inasaidia."

Alikataa kabisa tulipie sahani ya pili. Alisema hiyo ni ya Yohana.

Tukirudi mjini nilimweleza Ewoi jinsi mambo yalivyo. Nilimwambia mtaalamu amesema tungoje.

"Lakini si alisema mwende?"

"Yule alikuwa mpishi."

"Ndiyo. Na alisema mwende."

Nikamwambia atazame barabara. Chumbani kwangu jioni ile nilijipangia sentensi nikiwa nimesimama mbele ya kioo: Mama Nafula, nimemuuliza, amesema tungoje. Nilitaka kuisema nikiwa nyumbani, uso kwa uso, kwa sababu kwenye simu sauti yangu hupanda nikidanganya. Ukiondoka Kakuma saa kumi na mbili unafika Lodwar saa tatu au saa nne, ukibarikiwa, na saa sita iko mbali.

Jumamosi hatukubarikiwa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku huko vilimani magharibi, mbali kabisa na sisi, na saa mbili kasorobo tulikuta laga moja imejaa. Kwa mgeni nieleze kwamba laga ni mto wa mchanga. Karibu mwaka mzima unaupita bila kujua umeupita, kisha siku moja unakuja na maji yote ya dunia, rangi ya chokoleti, yakibeba vichaka na mitungi ya watu. Kwenye kingo zote mbili watu walikuwa wamekaa kungoja. Hakuna mwenye haraka aliyewahi kushinda laga, na kila mtu wa huku anajua hivyo. Ewoi alizima gari, akatandika shuka chini yake, akalala.

Saa nne maji yalikuwa yamepungua, lakini gari bado halingepita. Nikatazama simu. Hakuna mtandao.

"Pale juu iko," akasema Ewoi bila kufumbua macho, akinyoosha kidole kwenye kilima kidogo cha mawe. Kilima kilikuwa ng'ambo.

Nikakaa kwenye kivuli cha gari, na pole pole nikagundua kwamba nimeokoka. Sikuhitaji hata kudanganya. Saa sita ingefika, mimi nikiwa nimekwama kwa kazi ya serikali, na jina la Nanjala lingeandikwa. Nani angenilaumu? Mvua ndiyo imefanya. Nilikaribia kuimba.

"Sasa ni vizuri," akasema Ewoi, ambaye kumbe hakuwa amelala. "Mama ataenda na dada yake. Wewe utabaki salama. Mimi nitakuletea nyama ya mbuzi."

Alisema kwa wema, na hapo ndipo raha yote ilipoisha. Nilimwona Mama Nafula amesimama kwenye meli ile na kitenge chake kizuri, akicheka na Nanjala, na picha zikirudi nyumbani bila mimi ndani yake. Nilijiona Lodwar siku nane nikila nyama ya mbuzi ya Ewoi. Mke wangu alinifuata mahali ambapo hata mama yangu alisema ni mbali mno. Aliniomba kitu kimoja, na mimi nilikuwa nimekaa kando ya maji nikifurahia kwamba yamenisaidia kumnyima. Niliona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakawaka moto.

Saa tano na nusu kina mama wa Kiturkana walianza kuvuka na mbuzi wao mahali ambapo laga ilikuwa pana. Maji yaliwafika mapajani, na walipita wakiongea habari zao. Nilivua viatu, nikakunja suruali, nikafunga simu kwenye mfuko wa plastiki na kuuweka ndani ya kofia.

Ewoi aliinuka kukaa. "Injinia. Wewe unaenda wapi?"

"Kupiga simu."

Nilifika ukingoni na miguu ikakataa. Naandika hivi bila kupamba: ilikataa. Mama mmoja mwenye mbuzi mchanga begani aliniangalia, akaangalia magoti yangu, akasema kitu kwa Kiturkana ambacho wenzake walikicheka, kisha akanishika kifundo cha mkono kama anavyoshikwa mtu anayepelekwa kwa chifu, akanivuta ndani. Nilifumba macho. Nikaanza sala ya Baba Yetu kwa sauti, na nilipofika mapenzi yako yatimizwe niligoma kuendelea, kwa sababu sikuwa na hakika mapenzi yenyewe ni yapi. Mchanga ulikuwa unahama chini ya nyayo. Kitu kilinigusa paja na nikapiga kelele, alikuwa mbuzi. Ng'ambo ya nyuma nilimsikia Ewoi akipiga makofi.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimesimama pakavu, na yule mama alikuwa ameshaniacha na kwenda zake. Nikapanda kilima bila viatu, saa sita kasoro dakika nne. Alama moja ya mtandao ikaja, ikapotea, ikaja.

"Baba Nafula? Uko wapi? Mbona unahema?"

"Mama Nafula, andika majina yetu. Mimi na wewe."

"Mtaalamu amesema ndiyo?"

"Alikuwa mpishi. Amesema ndiyo, lakini nilikuwa nimepanga kukwambia amesema hapana. Mimi naogopa maji, Mama Nafula. Nimeogopa tangu utotoni. Naogopa sasa hivi, na nimeshatoka."

Wachungaji wawili waliokuwa wameketi juu ya kilima walinipisha kwa heshima, wakidhani nimefiwa.

"Umetoka wapi?" akauliza.

"Majini. Nimevuka laga kwa miguu."

Akasema kwa sauti ambayo sikuizoea, "Njoo nyumbani. Acha nimpigie wakala kwanza."

Saa tisa gari lilipita, na saa kumi na moja jioni tuliingia Lodwar. Ewoi alikuwa amemsimulia kila dereva tuliyepishana naye. Mama Nafula alinipokea langoni, akatazama suruali yangu iliyokauka na tope, akanishika mkono na kunipeleka moja kwa moja kwenye saiba, duka la kompyuta lililo nyuma ya soko, kwa sababu wakala alitaka fomu ijazwe siku hiyohiyo. Msichana wa saiba akaifungua kwenye kompyuta na kuanza kutuuliza.

"Chumba mnataka cha dirisha ama bila dirisha?"

Nilikuwa nimeamua kwamba baada ya yote yale sina haki ya kuchagua.

"Bila," akasema Mama Nafula, haraka sana.

Nikamgeukia. Alikuwa anatazama kompyuta kama mtu aliyeulizwa swali mahakamani.

"Bila dirisha?" nikasema. "Wewe ndiye ulitaka kuona bahari."

"Nataka. Nimechoka kuogopa kitu ambacho sijawahi kukiona." Akashusha sauti ili msichana asisikie, ingawa msichana alikuwa ameacha kuchapa kabisa. "Unafikiri kwa nini nilikusumbua wewe wiki tano? Nanjala angekubali siku ya kwanza. Lakini Nanjala haogopi kitu, Baba Nafula. Angenicheka siku nane. Nilitaka kwenda na mtu atakayeogopa pamoja nami, na wewe kila siku unaniletea habari za likizo na wataalamu!"

"Ulikuwa unajua?"

"Nani asiyejua? Kila tukienda kwetu unafumba macho tukipita daraja la Nzoia. Unasema unasali."

Nilisafiri kwenda Kakuma kutafuta mtu wa kunieleza meli, na nilichojifunza ni kwamba nyumbani kwangu nilikuwa naishi na mwoga mwenzangu bila kumjua, tukilala kitanda kimoja, kila mmoja akijikaza kwa ajili ya mwenzake. Nilicheka mpaka nikashika meza. Naye akaanza kucheka, kisha akapangusa macho kwa ncha ya leso, na mimi yangu nikayapangusa kwa mkono wenye tope.

Msichana wa saiba akakohoa, akauliza kama tuko tayari kumaliza. Tukaandika majina yetu, lake kwanza, langu la pili, na pale fomu ilipouliza kama abiria anajua kuogelea, tukajaza hapana mara mbili.